Alama za Tokyo, Mechi za Buyenzi

Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Arnie Katz na Bill Kunkel, walianzisha safu katika jarida la Video, wakiwaambia wasomaji gemu ipi inafaa kununuliwa na ipi ni hasara tupu. Safu hiyo iliitwa Arcade Alley, na wanaofuatilia historia ya uhakiki wa gemu huanzia hapo. Bujumbura ya mwaka huo haikuwa hata na televisheni ya taifa, ilikuja 1984. Anayetaka kufuata njia kutoka kalamu ya Katz na Kunkel hadi chumba cha gemu cha Buyenzi ajue mapema kwamba njia ina mapengo, na kwamba mahali pengi alama walizotoa wakubwa hazikufika kabisa.

Lakini gemu zilifika. Na kila zilipofika zilihukumiwa.

Buyenzi ni kartie, yaani mtaa, ya Bujumbura: ya avenyu zenye namba, ya misikiti, magereji na vipuri, na ya Kiswahili tangu enzi za Wabelgiji, mji ulipoitwa Usumbura. Ingia chumba cha gemu cha kawaida: televisheni mbili tatu, benchi, pazia mlangoni ili mwanga wa nje usiharibu picha, maneti za kuchezea ambazo mpira wa vijiti vyake umelika hadi plastiki inang'aa, na kijana wa zamu mwenye daftari. Kanuni ni moja: aliyefungwa analipa na anapisha. Nilimuuliza kijana mmoja wa zamu kwa nini hana gemu fulani ya hadithi ambayo ilikuwa imesifiwa kila pembe ya dunia. Hakuinua macho kwenye daftari.

"Hiyo hailipi, mzee. Mmoja anakaa saa tatu, wenzake wanamwangalia tu."

Huo ni uhakiki kamili. Una kigezo, una sababu, una hukumu. Kilichokosekana ni namba tu.

Namba zenyewe zina historia yake. Mwaka 1986 huko Tokyo lilianzishwa jarida la Famicom Tsūshin, ambalo leo dunia inalijua kwa jina la Famitsu. Lilijipatia sifa kwa utaratibu wake wa wahakiki wanne: kila mmoja anatoa alama kati ya 1 na 10, kisha zinajumlishwa. Jumla ya juu kabisa ni 40. Miaka kumi na zaidi ilipita bila gemu yoyote kuipata, hadi mwaka 1998 ilipotoka The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya Nintendo 64. Wanne wote walitoa 10.

Sasa tazama kalenda yetu ya miaka hiyo. Julai 1996, baada ya rais wa zamani, Pierre Buyoya, kurudi madarakani kwa mapinduzi, nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, na vikasimamishwa Januari 1999. Gemu ya kwanza kupewa alama kamili na Famitsu ilizaliwa wakati bidhaa za kawaida zilikuwa zikipenya kwa shida kutoka Dar es Salaam na Kigoma, watu wanahesabu lita za mafuta na vita vya wenyewe kwa wenyewe havijaisha. Hata kama Zelda ingeshuka bandarini Bujumbura siku ileile iliyotoka Tokyo, isingekuwa ya chumba cha gemu: ni safari ya makumi ya saa ya mtu mmoja, yenye maandishi mengi ya kusoma. Kwa hukumu ya yule kijana, 40 ya Tokyo ingekuwa sifuri ya Buyenzi. Nadhani wote wawili wako sawa.

Njia iliyokuwa karibu zaidi nasi ilikuwa ya Kifaransa. Ufaransa ilikuwa na jarida la Tilt tangu 1982, kisha Player One mwaka 1990, na mwaka uliofuata Consoles + na Joypad. Consoles + ilipima kwa asilimia. Tovuti ya jeuxvideo.com, iliyoanza 1997, ilichagua alama za 20, na hapo msomaji wa Bujumbura alikuwa nyumbani: hakuna haja ya kumweleza aliyesoma kwa mfumo wetu tofauti ya 9 na 10 kwa 20. Mmoja anarudia mtihani, mwingine anapita. Kama majarida yale ya karatasi yalifika kwetu, yalifika ndani ya sanduku la shangazi aliyetoka Brussels, yakiwa na umri wa miezi kadhaa, na yalisomwa kwa ajili ya picha.

Kuna sababu nyingine iliyofanya alama zisifike, nayo ni ya kibiashara. Uhakiki wa gemu ulizaliwa kama ushauri wa mnunuzi. Mtoto wa Lyon alikuwa na pesa ya gemu moja kwa miezi mitatu, akikosea, amekwisha. Mhakiki alimlinda. Huku kwetu PlayStation, iliyouzwa Japani kuanzia Desemba 1994 na Ulaya kuanzia Septemba 1995, ilikutana na diski za kunakiliwa. Mashine ikishatiwa chipu, diski ya kuchomwa kwenye kompyuta inachezeka kama ya dukani. Bei ya gemu ikaanguka hadi karibu na bei ya diski tupu. Nani atasoma kurasa nne za ushauri kuhusu kitu ambacho kikimchosha atakitupa?

Uhakiki ukahamia kwenye mambo ambayo jarida la Paris halikuwahi kuyaandika. Je, diski ina mikwaruzo? Waliokulia enzi hizo wanakumbuka kuiinua kwenye mwanga na kuikagua, kuipangusa kwa pindo la shati kutoka katikati kwenda nje, kuirudisha, na mashine ikikataa, kuigeuza juu chini. Si ushirikina. PlayStation za mwanzo zilikuwa na kijicho cha leza kilichoteleza juu ya reli ya plastiki; joto na matumizi viliimaliza reli, kijicho kikalala vibaya, na kuigeuza mashine kulikirudisha mahali pake kwa muda. Je, gemu inahitaji kadi ya kumbukumbu? Kadi ilikuwa na nafasi 15 tu, na chumba kizima kiligombania nafasi hizo. Je, inaanza haraka umeme ukirudi? Hili la mwisho lilikuwa na uzito kuliko michoro na muziki. Hadi leo Regideso, shirika la maji na umeme, haijatuondolea wasiwasi huo, na nchi nzima ni takriban mtu mmoja kati ya kumi aliye na umeme nyumbani.

Kwa vipimo hivyo gemu za mpira zilishinda bila mpinzani. Mechi ni fupi, wachezaji ni wawili, kanuni zinajulikana na kila mtu, umeme ukikatika hasara ni dakika sita. Na hapa, kwa mara moja, wahakiki wa Ulaya na benchi la Buyenzi walikubaliana. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 2000 waandishi wengi wa Uingereza na Ufaransa waliiweka Pro Evolution Soccer ya Konami juu ya FIFA ya EA, wakisema FIFA ina leseni na majina, lakini PES ina mpira wenyewe. Benchini maneno yalikuwa yaleyale, ila kwa sauti kubwa zaidi.

Kisha wakaachana. Kuanzia mwaka 2007 wahakiki walianza kuishusha PES na kuipandisha FIFA, na FIFA 10 ya mwaka 2009 ilifika kwenye 90 katika wastani wa dunia. Ukisoma makala za wakati ule utadhani PES ilikufa. Lakini wao walikuwa wakiizungumzia PES ya PlayStation 3. Katika vyumba vya Afrika Mashariki mashine ilikuwa bado PlayStation 2, na PES ya PlayStation 2 haikuwa na ugonjwa ule. Watu walisoma, kama walisoma, hukumu ya kesi isiyokuwa yao. Mwaka 2013 ndipo jambo hili lilionekana wazi zaidi: Novemba ya mwaka huo PlayStation 4 iliingia sokoni na wahakiki wote walikuwa wameielekea, huku FIFA 14 na PES 2014 zikitolewa pia kwa PlayStation 2, mashine iliyokuwa imeanza kuuzwa Machi 2000. Magazetini gemu hizo mbili za PlayStation 2 zilipita kimya. Kwa mwenye chumba cha gemu ndizo zilikuwa habari ya mwaka.

Nimesema wastani wa dunia, na hapo pana jina: Metacritic, iliyofunguliwa Januari 2001 na Marc Doyle na wenzake wawili. Kazi yake ni kukusanya alama za wahakiki, kuzigeuza ziwe kwenye 100, na kutoa wastani wenye uzito, maana chombo kimoja huhesabiwa zaidi ya kingine. Ocarina of Time iko juu kabisa na 99. Namba iliyokusudiwa kumsaidia mnunuzi iligeuka kuwa fimbo ya mwajiri. Mwaka 2012 Chris Avellone wa kampuni ya Obsidian alieleza kwamba gemu yao ya Fallout: New Vegas, ya 2010, ingewaletea bonasi kama ingefika 85. Ilipata 84. Mtu akipewa alama 84 chuoni kwetu anafanyiwa sherehe. Wao walikosa bonasi.

Kisa kingine kinastahili kukumbukwa kwa sababu kinaonyesha mkono wa tangazo. Novemba 2007 Jeff Gerstmann wa tovuti ya GameSpot aliipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 kwa 10. Wakati huohuo ukurasa wa GameSpot ulikuwa umepakwa matangazo ya gemu hiyohiyo. Gerstmann alifukuzwa kazi. Sababu hazikutajwa hadharani hadi 2012, alipopata ruhusa ya kusema, akaeleza shinikizo lililokuwa likitoka kwa watangazaji juu ya alama. Kijana wa zamu Buyenzi hana mtangazaji. Ana mwenye nyumba anayedai kodi, na mwenye nyumba hajali ni gemu gani.

Kuna alama za aina nyingine zilizotugusa moja kwa moja. Ndani ya gemu za mpira kila mchezaji hupimwa: kasi, mashuti, pasi, nguvu, kisha jumla moja. Saido Berahino alizaliwa Bujumbura tarehe 4 Agosti 1993, akampoteza baba vitani, akafika Uingereza akiwa na miaka kumi. Alipoanza kufunga mabao kwa West Bromwich Albion, naye aliingia kwenye FIFA, na kwa mara ya kwanza wengi wetu tulimwona mtoto wa mji huu amewekewa namba ndani ya gemu iliyotengenezwa Canada. Gaël Bigirimana, naye mzaliwa wa Bujumbura, alifika Newcastle mwaka 2012. Kabla yao kulikuwa na Mohamed Tchité wa Anderlecht na Racing Santander. Timu ya taifa yenyewe, Intamba mu Rugamba, haikuwa na nafasi kati ya timu chache za Afrika mle ndani. Berahino alipoamua kuichezea Burundi mwaka 2018, akafunga bao katika mechi yake ya kwanza dhidi ya Gabon, na mwaka uliofuata akawa nahodha kwenye Kombe la Afrika nchini Misri, hayo yote yalitokea upande ambao gemu haikuufikia.

Ila ambapo njia hii ya wahakiki inapita karibu kabisa na mlango wetu si kwenye mpira. Ni kwenye gemu mbili zilizotoka kwa kufuatana, moja Oktoba 2008 na nyingine Machi 2009.

Ya kwanza ni Far Cry 2 ya Ubisoft Montreal, iliyoongozwa na Clint Hocking. Inatokea katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina: vikundi viwili vinapigana, mamluki wanauza huduma kwa pande zote, almasi ndiyo sarafu, bunduki iliyochakaa inakwama mkononi, na mchezaji mwenyewe ana malaria inayompanda wakati mbaya kuliko yote. Metacritic iliipa wastani wa 85. Waliopunguza alama walikuwa na lalamiko moja lililorudiwa tena na tena: vizuizi vya barabarani. Unakisafisha kizuizi, unaendelea na safari, ukirudi dakika chache baadaye watu wenye silaha wamejaa palepale. Wahakiki waliandika kwamba inachosha na haina mantiki.

Muulize yeyote aliyesafiri kutoka Bujumbura kupanda Bugarama miaka ya vita, au aliyevuka Gatumba kwenda Uvira, kama kizuizi kilichoondolewa asubuhi hakiwezi kuwepo tena jioni. Kasoro waliyoikata alama ndiyo sehemu ya gemu iliyoijua nchi hizi. Kasoro yenyewe hasa iko kwingine: vita vile vinapiganwa katika nchi karibu tupu. Mwanzoni unaona raia wakikimbia, kisha karibu hawaonekani tena. Hakuna soko, hakuna mwanamke mwenye ndizi kichwani, hakuna mtoto wa shule. Vita bila raia ni kitu ambacho Burundi haikukijua siku moja kati ya 1993 na 2005. Hilo ndilo ningelikatia alama, na sana.

Ya pili ni Resident Evil 5 ya Capcom. Mji wake wa kubuni, Kijuju, umewekwa Afrika Magharibi, wakazi wake walioambukizwa wanaitwa Majini, na wanapokufukuza kwa mapanga wanapiga kelele kwa Kiswahili. Filamu yake ya kwanza ya matangazo, ya mwaka 2007, ilimwonyesha Mzungu mwenye bunduki akiwaua Waafrika maskini kwa makumi. N'Gai Croal, mwandishi mweusi wa Newsweek, alisema wazi mwaka 2008 kwamba picha zile zimebeba historia ambayo waliozitengeneza hawakuifikiria. Wachezaji wengi walimjia juu kwa hasira. Gemu ilipotoka alama zilikuja nzuri, wastani wa 84 kwa PlayStation 3, na ikauzwa mamilioni. Mjadala ule mkubwa ulihusu rangi ya ngozi, na ulistahili. Sisi tulikuwa na jambo jingine la kuongeza: tulikuwa tukielewa wanachosema. Kwa mchezaji wa Osaka au Chicago sauti zile zilikuwa za kutisha kwa sababu hazieleweki. Kwa mchezaji wa Buyenzi ilikuwa kama kufukuzwa na majirani. Gemu haikuwa imetutarajia.

Hata mashine yenyewe ina kipande cha historia ambacho hakijawahi kuingia kwenye alama. PlayStation 2 ilipotoka mwaka 2000, dunia ya elektroniki ilikuwa na njaa ya tantalamu, madini ya kutengenezea vipande vidogo vinavyotunza chaji ndani ya simu na mashine za gemu. Bei ikaruka mara kadhaa mwaka huo. Tantalamu hutoka kwenye koltani, na koltani ilikuwa ng'ambo ya mto Ruzizi, Kivu nchini Kongo, chini ya vikundi vyenye silaha. Wachimbaji walimiminika hadi ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, wakila nyama ya wanyama wake. Novemba 2000 waasi wa RCD-Goma waliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kuisafirisha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walipotoa ripoti yao Aprili 2001, Burundi nayo ilitajwa kati ya nchi zinazouza nje madini zisizoyachimba. Bei ilikuwa tayari inaporomoka, na njaa ikabaki kwa wachimbaji. Sony si kampuni pekee iliyotumia tantalamu, na kusema vita vile vilikuwa vya PlayStation ni kurahisisha mno. Lakini mashine iliyorudi Bujumbura kama mtumba kutoka Ulaya inaweza kuwa ilikuwa inarudi karibu na kwao.

Kiswahili kilingoja hadi tarehe 23 Aprili 2024 kupata gemu ya mashine kubwa iliyotengenezwa kwa kukiheshimu. Tales of Kenzera: Zau ni kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika familia ya Kikenya, ambaye wengi walisikia sauti yake kama Bayek katika Assassin's Creed Origins ya 2017. Mganga kijana, Zau, anafanya mapatano na Kalunga, mungu wa kifo, ili arudishiwe baba yake. Salim aliitengeneza kutokana na msiba wa baba yake mwenyewe, na unaweza kuicheza yote kwa sauti za Kiswahili. Wahakiki waliisifu kwa hadithi na rangi, wakailaumu kwa ufupi na kwa mapigano yasiyo na kina. Wastani ukaangukia katikati ya alama za sabini. Julai ya mwaka huohuo studio yake ililazimika kupunguza wafanyakazi.

Nimeicheza kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Lawama kuhusu mapigano ni za haki. Baada ya saa tatu umeyajua yote. Lawama ya ufupi siikubali, kwa sababu huzuni ile ikirefushwa ingeoza. Far Cry 2 naipa 15 kwa 20, Resident Evil 5 naipa 9, na hii ya Zau naipa 14. Wewe unayeshinda chumbani na maneti mkononi una hukumu zako, na huenda zinapingana na hizi. Ziandike, kwa Kiswahili, na usisahau kumwambia msomaji kama gemu inaweza kuhifadhiwa kabla Regideso hawajakata.